Kama Zilivyotoka Kiwandani

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia. Fundi alikuwa ameinamia redio ya mteja, chuma cha kuchomelea risasi kikimfuka mkononi, marashi mazito yakampita puani kabla hajaona mtu. Akainua macho. Mlangoni walisimama watu watatu, na wa katikati alikuwa yule mwanamume ambaye Fundi alijiapiza kwamba siku akikutana naye tena atampita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Hakumpita. Moyo ulimlipuka paa! Risasi iliyoyeyuka ikamdondokea kwenye kidole na hakusikia.

"Hodi hapa," Solo alisema. Sauti ilikuwa ile ile, yenye mikwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Kwa kuwa katika bendi alipiga gitaa la solo, basi akaitwa Solo, kama binti huyu alivyoitwa Fundi hata na shangazi zake.

"Karibuni." Fundi akafuta mikono kwenye aproni, akamgeukia mama mtu mzima aliyesimama kando ya Solo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kumbe bado upo tu hapa?"

"Nipo, Mama. Nitakwenda wapi?"

"Wenzio wameolewa, wana watoto. Wewe na waya zako tu." Mama Solo akatazama kiti kilichokuwa karibu, akakipangusa kwa leso, akakitazama tena, akaamua kusimama.

Mwaka jana mama huyu alikuja dukani humu humu peke yake. Alisimama pale pale, akasema, "Mwanangu amenituma. Anasema basi." Neno moja, basi, kwa mapenzi ya miaka! Fundi alipochungulia dirishani alimwona Solo ng'ambo ya barabara, anakula karanga, anamsubiri mama yake amalize kumwacha mwanamke kwa niaba yake. Kuachwa si kitu kigeni, watu wanaachwa kila siku. Lakini kuachwa na mama wa mtu, mwenyewe yuko ng'ambo anatema maganda! Hilo lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

"Dada, wewe ndiye fundi mwenyewe?" Yule mwanamke mwingine alicheka kwa furaha isiyo na hila. Alikuwa kijana, amevaa vizuri, na marashi yalikuwa yake. Alikuwa na duka la manukato katikati ya mji. "Kila nikimsikia anasema fundi, fundi, mimi nilidhani ni baba mwenye kitambi!"

Fundi hakuwa na kitambi, na alikuwa amekonda tangu mwaka jana. Akatabasamu kidogo. Kichwani mwake akampa yule binti jina, Marashi. Akaona wazi kwamba Marashi hajui kitu.

Marashi akaweka kisanduku cha kung'aa juu ya meza. "Hii ni zawadi yangu kwake. Nimeagiza mbali, jamani, nimesubiri mpaka nikachoka. Jumamosi tunatangaza uchumba ukumbini, na baba yangu na ukoo mzima watakuwepo. Nataka gitaa lake lingurume!"

Fundi akafungua. Ndani mlikuwa na sumaku mbili za gitaa la umeme, zile zinazokaa chini ya nyuzi, ambazo wapigaji wengine huziita pikapu. Zilimeremeta kama meno ya dhahabu.

"Ni nzuri," alisema. "Ila ni kali."

"Kali vipi, dada?"

"Sumaku ni sikio la gitaa. Uzi ukitikisika, sumaku inasikia, inapeleka habari kwenye spika. Kuna masikio mapole, yanapokea taratibu na kutoa sauti tamu. Haya ni makali. Ni ya mtu anayepiga kwa kucha ya plastiki, kwa nguvu, na mkono wake umelingana. Huyu anapiga kwa vidole vitupu."

"Ameanza!" Mama Solo akagonganisha viganja. "Si nilisema? Nilisema twende kwa fundi mwingine!"

"Mama, hakuna mwingine anayelijua gitaa hili," Solo alinong'ona.

"Alijue, asilijue, hatukuja kuomba ushauri. Sikiliza, binti. Hizo sumaku zako za kujisokotea mwenyewe zitoe. Hizi ziweke kama zilivyotoka kiwandani. Usichokonoe, usipunguze, usiongeze. Ulimchokonoa mwanangu mpaka akawa hana akili zake, sasa inatosha."

Marashi akageuka kumtazama Solo, nyusi juu. "Alikuchokonoa nini?"

"Gitaa," Solo alijibu haraka. "Mama anasema gitaa."

Fundi akamtazama. Akamsubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri. Angeweza kuzungusha waya mwembamba kuliko unywele kuzunguka sumaku asubuhi nzima, usikatike. Akamsubiri Solo aseme neno moja tu la kiungwana, hata "pole". Solo akaangalia shingo za magitaa zilizoning'inia ukutani kama mtu anayetafuta la kununua.

"Fanya kama Mama alivyosema," akasema.

"Kama zilivyotoka kiwandani."

"Ndiyo."

"Skrubu nisiguse hata moja?"

Hapo Solo alipaswa kushtuka. Mtu mwingine yeyote aliyewahi kupendwa na Fundi angeisikia ile sauti akajua kuna moto chini ya majivu. Yeye alijikuna shingo.

"Usiguse."

"Na hizi za zamani nikupe?"

"Za nini? Tupa tu."

"Haya," Fundi alisema kwa adabu zote. "Nitafanya neno kwa neno."

* * *

Kulikuwa na jambo moja kuhusu Solo ambalo dunia nzima haikulijua, na Solo mwenyewe hakulijua.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na kasoro. Kidole gumba kilikuwa kizito, kikigusa nyuzi nene kinagonga kama mtu anayepiga mlango wa mdaiwa. Kidole cha pete, ambacho ndicho kinachochezesha uzi mwembamba kabisa unaobeba wimbo, kilikuwa kivivu, kinagusa na kuondoka kabla uzi haujaamka. Fundi aliligundua hilo siku za mwanzo kabisa, alipokuwa akikaa miguuni pa Solo kumsikiliza, macho yake yakiwa kwenye vile vidole alivyovipenda kuliko vidole vyote vya ulimwengu. Angeweza kumwambia. Badala yake alikwenda dukani, akamsokotea sumaku mbili za upole, akaziinamisha, upande wa nyuzi nene chini, upande wa nyuzi nyembamba juu. Kisha, kwa kuwa kila uzi una skrubu yake kwenye sumaku, akazigeuza moja moja kwa bisibisi ndogo. Chini ya gumba alizizamisha ili zisisikie sana. Chini ya kidole kivivu aliipandisha ile ya mwisho mpaka ikakaribia kuubusu uzi. Alimkatia sauti kama fundi cherehani anavyomkatia suti mtu mwenye bega moja lililoshuka, ukimwona barabarani unasema, ona mwanamume alivyonyooka!

Watu wakamwita Solo bingwa, na Solo akaamini.

Sasa Fundi alikaa mezani akazitoa zile sumaku za zamani. Alipomaliza kufunga mpya, akazishika za zamani kiganjani. Kisha akachukua kisu, akakata ncha ya waya, akaanza kuufumua, mzunguko kwa mzunguko, ukajirundika sakafuni kama nywele za mtu aliyenyolewa msibani.

"Unafanya nini, mpwa wangu?" Mjomba alitokea nyuma na kikombe chake. Duka lilikuwa lake, na ufundi wote Fundi aliupata kwake.

"Aliniambia nitupe."

Mjomba akaangalia gitaa, akaangalia kisanduku kinachong'aa. Alikuwa mtu mzima, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Usije ukaniharibia jina la duka kwa ajili ya huyo mla karanga."

"Sitaharibu, Mjomba. Njoo usikilize."

Alikuwa amekwisha kufunga zile mpya. Kazi ilikuwa safi, risasi imekaa kama tone la umande, waya umelala. Skrubu zote sita zilikuwa zimelingana, tambarare, kama zilivyotoka kiwandani. Akachomeka gitaa, akapiga mwenyewe kidogo. Hakuna muungurumo wa waya mbovu, hakuna mkwaruzo. Sumaku ya shingoni ilitoa sauti nene, ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, ikatoa sauti kali ya kukata.

"Liko sawa," Mjomba alikubali.

"Liko sawa. Mtu yeyote akilipiga atalisifu."

"Mtu yeyote." Mjomba akanywa chai yake, akimtazama kwa juu ya kikombe. "Na yeye?"

Fundi akachomoa waya wa gitaa.

"Kama unataka kumkomesha, mpwa wangu, kataa kazi. Mrudishie gitaa lake."

"Nikatae kwa nini? Wamesema nisiguse, sikugusa. Mimi ni nani nimbishie mama wa watu?"

"Hapo ndipo unaponitisha. Ungepiga kelele ningelala vizuri." Akavuta pumzi. "Na unajua mitambo ya ukumbini Jumamosi ni yetu? Baba yake binti alinipa kazi mimi. Nikakae peke yangu, wewe ubaki nyumbani?"

"Nibaki nyumbani?" Fundi alicheka, na kicheko hicho Mjomba hakukipenda hata kidogo. "Nitakaa kwenye mitambo, Mjomba. Mbele kabisa."

* * *

Gitaa lilikuja kuchukuliwa na dereva wa Marashi, na Marashi akalifungia mpaka Jumamosi, maana zawadi kwake haifunguliwi kabla ya siku yake. Solo alifika ukumbini amechelewa kwa ajili ya kola ya shati. Akagonga nyuzi zote kwa pamoja mara mbili tatu, spika zikanguruma, Marashi akaruka kwa furaha. "Sikia hiyo!" Solo akacheka, akaliweka chini, akaenda kusalimia wakwe.

Mchana ule ukumbi ulijaa. Fundi alikaa ukutani nyuma ya meza ya mitambo, vile vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti vimejipanga mbele yake. Kimoja kilikuwa cha nyuzi nene za Solo, kingine cha nyembamba. Kidole kimoja tu, nusu mzunguko huku na nusu kule, na angemwokoa. Si sana, lakini kiasi cha kutoka na heshima yake.

Naye, ukweli usemwe, mkono wake ulikuwa umekaa pale. Aliposimama Solo jukwaani, shati jeupe, kichwa kimeinama upande kama alivyozoea, Fundi alirudiwa na hamu ya zamani. Akasema moyoni, nitamgeuzia kidogo. Kidogo tu. Mapenzi hayana aibu.

Solo akaushika mkono wa Marashi, akasema kwenye kipaza sauti, "Wimbo huu nimemtungia mchumba wangu. Haujawahi kupigwa mbele ya mtu."

Akaanza. Fundi akaujua kwa sauti ya kwanza. Ulikuwa wimbo wake yeye! Solo aliutunga dukani kwao, siku ya mvua, amekaa kwenye kigoda cha pembeni, yeye Fundi anapuliza risasi ipoe. Alimwambia, "Huu ni wako, usimwimbie mtu." Na Fundi hakumwimbia mtu, hata alipokuwa peke yake jikoni.

Akauondoa mkono kwenye vifundo. Akakunja mikono yote miwili kifuani, akajiegemeza kitini.

Gumba la Solo likaanza kazi. Ngu! Ngu! Ngu! Sumaku kali zililisikia lote, zikalipeleka kwenye spika kama watu wanaoshusha kabati ngazini. Wimbo wenyewe, ule uzi mwembamba, haukusikika kabisa. Kidole kivivu kilikuwa kinapapasa, watu wanakiona kinacheza, lakini hakuna kitu kinachotoka. Baba yake Marashi akainama kumwuliza jirani yake, na kwa kuwa alikuwa mzito wa masikio akauliza kwa nguvu, "Wimbo wenyewe unaanza lini?"

Mtu akacheka, "Kabati hilo linashushwa ngazini!" Mama Solo akajipepea kwa leso kama anayefukuza nyuki.

Solo akakaza. Alipokaza, gumba nalo likakaza, kabati likaanguka ngazi nzima. Jasho likamtoka. Akapotea njia, akarudi, akapotea tena. Hapo ndipo akainua macho, akayavusha juu ya vichwa vya wakwe, juu ya maua na vitambaa, mpaka kwenye meza ya mitambo. Yale macho Fundi aliyajua. Ni macho aliyokuwa akimtupia kila walipokuwa pamoja na jambo likamwendea kombo, nisaidie, mpenzi.

Fundi akamtazama bila kupepesa. Mikono ikabaki imekunjwa.

Jamani, kisasi kitamu! Asikudanganye mtu. Kilimshuka kooni kama maji baridi.

Mjomba akanyoosha mkono kuelekea kwenye kifundo. Fundi akauzuia. "Mwache, Mjomba. Haujawahi kupigwa mbele ya mtu."

* * *

Asubuhi yake mpiga besi mmoja alikuwa dukani, Fundi anamrekebishia sumaku ya gitaa lake. "Piga nisikie," anamwambia. Jamaa anapiga, Fundi anageuza skrubu. "Piga tena." Anageuza tena. Ndivyo ilivyokuwa kazi, hakuna fundi anayeweza kujua mkono wa mtu bila kuusikia. Jamaa aliporidhika akaaga, na mlangoni akapishana na Solo.

Nje kulikuwa na gari jeupe. Marashi alikuwa amekaa mbele, kioo kimeshushwa.

Solo akaweka gitaa mezani. Macho yalikuwa mekundu. "Umeniua."

"Nilifanya ulivyosema."

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Ulijua na ukanyamaza, ukakaa pale umekunja mikono kama malkia! Baba mtu ananiuliza kama nilikuwa naumwa. Unajua wanavyoniita sasa? Kabati!"

Kutoka chumba cha nyuma kikasikika kikohozi cha Mjomba ambacho hakikuwa kikohozi.

"Solo," Fundi alisema taratibu, "niambie uzi gani unaoupiga kwa udhaifu."

"Nini?"

"Vidole vyako ni vyako. Ni uzi gani?"

Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. "Sipigi kwa udhaifu. Sikuwahi kupiga kwa udhaifu."

Basi Fundi akamwambia. Akamwambia kidole kivivu na gumba zito, na jinsi alivyokuwa akimfunika kwa miaka yote, skrubu kwa skrubu. Aliposema hakupandisha sauti. Solo alikaa polepole kwenye kile kigoda cha pembeni, uso umemwiva.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikupenda."

"Na sasa unaniambia."

"Sasa sina sababu ya kukuficha."

Solo akatazama garini, akashusha sauti. "Nirekebishie, Fundi wangu. Haraka. Nimemwambia naja kubadilisha nyuzi tu. Baba yake ametupa nafasi nyingine Jumapili ijayo, nyumbani kwao. Nitakupa chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

"Mwite aingie. Umwambie, kwa kinywa chako, sauti yako aliitengeneza nani. Mwaka jana ulikuwa na mama wa kukusemea. Leo sema mwenyewe, nami nitakurekebishia mbele yake."

"Usinifanyie hivyo."

"Basi chukua gitaa."

Solo akalichukua. Akafika mlangoni. Fundi akahesabu kwamba atatoka, kama alivyozoea kutoka. Lakini mtu akishaitwa Kabati jina halimtoki kirahisi, na tamaa ya sauti yake ilimzidi woga. Akapunga mkono. Marashi akateremka, akaingia, harufu yake mbele.

"Nilitaka kukuambia," Solo alianza, akimeza mate, "kwamba ile sauti yangu, ile watu waliyoipenda... aliitengeneza huyu. Mwaka jana mama alipokuja kumwambia basi, mimi..." Alikuwa amesema zaidi ya alilotaka.

"Basi ya nini?" Marashi aliuliza.

Fundi akalivuta gitaa mbele yake, akachukua bisibisi ndogo.

Hapa angeweza kufanya kama anavyomfanyia kila mteja. Angeweza kusema, piga nisikie, na mambo yangebaki kazi kama kazi nyingine. Fundi alilijua hilo, na akakusudia asiseme. Akashusha upande mmoja wa sumaku, akapandisha mwingine. Kisha akaingia kwenye skrubu. Ya kwanza akaizamisha sana, ya pili akaizamisha kidogo, akasita, akairudisha kiasi cha unywele. Hakumtazama Solo, hakuangalia kitabu, wala hakugusa uzi. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayefunga vifungo vya shati la mumewe gizani. Alipofika kwenye skrubu ya mwisho akaipandisha, ikapanda, ikapanda, na akasimama pale pale ilipopaswa kusimama, bila kujua kwamba uso wake ulikuwa umelainika.

Marashi alikuwa anaangalia. Ile furaha yake ya kila siku ilikuwa imetulia kimya.

"Dada," akasema, "yule wa besi nilikuwa namwona kutoka garini. Ulimwambia apige, ukageuza. Apige, ukageuza. Huyu hujamwambia apige hata mara moja."

"Huyu simhitaji apige."

"Ni uzoefu tu wa kazi, mpenzi," Solo alidakia, "yeye huwa..."

"Nyamaza. Sijakuuliza wewe." Marashi hakuondoa macho kwa Fundi. "Na ule wimbo wa jana?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Muulize. Leo ana kinywa."

Marashi akamgeukia. Macho yakamponyoka Solo, yakaenda kwenye kigoda alichokuwa amekalia, kisha yakarudi haraka. Lakini Marashi alikuwa ameyafuata mpaka kwenye kigoda.

"Hapa," akasema. "Uliutungia hapa. Mbele ya baba yangu unasema haujawahi kupigwa mbele ya mtu."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza jana, ukumbi mzima tumekusikiliza." Akatoa ufunguo wa gari kwenye mkoba. "Ukiwa na la kuniambia, mtume mama yako. Nasikia ndiye msemaji wako." Mlangoni akasimama. "Dada, samahani. Mimi sikujua."

"Najua hukujua," Fundi alisema. Na hapo tu, kwa mara ya kwanza, kisasi kilimchoma kidogo, maana yule binti hakuwa na deni lolote kwake.

Gari likaondoka. Solo alibaki katikati ya duka kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Akakaa. Akalipakata gitaa, akapiga sauti tatu nne za ule wimbo.

Zikatoka. Gumba lilitulia, uzi mwembamba ukaimba wazi, mtamu, kama siku ile ya mvua. Machozi yakamlenga Solo. Fundi naye alishika ukingo wa meza.

"Bado unanijua," Solo alisema.

"Nakujua."

"Mimi ni mjinga. Nilimwogopa mama. Lakini sikiliza hii sauti, Fundi wangu, hii ni mimi na wewe. Turudi. Leo hii nitakwenda kumwambia mama mwenyewe."

Maneno hayo Fundi aliyasubiri mwaka mzima. Aliyalilia, aliyaota, aliyatamka mwenyewe mbele ya kioo kwa sauti ya Solo. Sasa yalikuwa yamekaa mezani mbele yake, na alichokiona ni mtu aliyebakiwa na mlango mmoja.

"Lichukue gitaa lako uende."

"Na hizi skrubu zikilegea? Nitampelekea nani?"

"Peleka kwa fundi asiyekujua. Atakuambia upige, utapiga, naye atasikia kila kitu."

Solo akamtazama muda mrefu, akitafuta usoni mwake ile njia aliyozoea kupitia. Haikuwepo. Akatia gitaa kwenye mfuko, akatoka. Miaka yote lile gitaa alikuwa akibebewa na Fundi, yeye akitangulia mikono mitupu. Leo lilimwelemea, akawa anabadilisha bega. Fundi alisimama dirishani akamtazama mpaka akakata kona.

"Umefurahi?" Mjomba aliuliza kutoka nyuma.

"Sana."

Mjomba akaweka kikombe chake mezani.

"Mjomba, mkate upo?"

"Upo. Na chai bado moto."

Fundi akakaa mezani, akavuta sahani. Tangu mwaka jana alikuwa akila kama mtu anayemeza dawa. Sasa njaa ilimjia yote kwa mpigo. Akala kipande cha kwanza, akachukua cha pili, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mkate, anayafuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea kutafuna, na hakuacha mpaka sahani ikabaki tupu.